Mama Ramani na Nyota za Kilimia

Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake. Mimi ni Mama Kulwa, ingawa Doto, pacha wake, naye ni wangu na hadi leo hulalamika kwamba jina lake liliachwa nje. Mwanamke ninayetaka kumsimulia hakuwa na mtoto, na watu wa Mwadui, alikofanya kazi miaka mingi katika ofisi ya vipimo ya mgodi, hawakujua wamwiteje. Kazi yake ilikuwa kuchora ramani za shimo la almasi. Basi wakamwita Mama Ramani. Aliitika jina hilo haraka haraka, kama mtu anayefunga mlango kabla vumbi halijaingia, na sikumsikia hata siku moja akilicheka wala akililalamikia.

Nina studio ya picha Shinyanga mjini. Napiga picha za pasipoti, za kipaimara, za wahitimu, na Jumamosi naenda kwenye harusi. Aliingia asubuhi moja, mwembamba, kitambaa kimefungwa kichwani bila mkunjo hata mmoja, mkononi ana daftari la mistari ya miraba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwenye kamera ni wewe au mumeo?"

"Ni mimi, mama."

"Vizuri. Kamera yako inaweza kukaa imefumbua jicho dakika tatu bila kupepesa?"

Nikacheka. Yeye hakucheka, alikuwa anasubiri jibu.

"Inaweza," nikasema, "lakini picha itaharibika. Kila kitu kitakuwa kimesogea."

"Ndiyo shida yangu hiyo. Dunia inasogea. Natafuta kitu cha kusogea nayo."

Akakaa kwenye benchi la wateja akanieleza. Alitaka kupiga picha nyota. Si mwezi tu, ambao kila mtu huupiga kwa simu ukatoka kama punje ya mchele, bali zile nyota hafifu na yale mawingu yaliyo katikati yake ambayo jicho halioni. Mwanga wake ni mdogo sana, akasema, kwa hiyo lazima uukinge kidogo kidogo kwa muda mrefu, na wakati wote huo darubini iifuate nyota bila kutetemeka. Nikamuuliza kwa nini ahangaike na mambo hayo baada ya kustaafu, wakati wenzake wanafuga kuku.

"Maisha yangu yote nimechora shimo," akasema. "Kila mwezi nalichora upya, kubwa kuliko mwezi uliopita. Nataka nichore kitu ambacho hakuna anayekichimba."

Hayo ndiyo maneno marefu zaidi aliyowahi kuniambia juu yake mwenyewe. Mengine yote niliyajua kwa kumtazama.

Alikuwa mtu wa kupima. Akiingia chumbani kwako alijua kama meza imekaa upande. Chai aliinywa bila sukari, akaiacha ipoe kwa kiasi alichokijua yeye, akanywa yote kwa mara moja. Hakupenda kupigwa picha. Miaka yote tuliyojuana sina picha yake hata moja, mimi ambaye nimewapiga picha hata mbuzi wa watu. Nikimwinulia kamera alikuwa akigeuka na kuuliza, "Kuna shida gani na ukuta huo?"

Alisema anapenda upweke. "Nimezoea," ndilo lilikuwa neno lake. Lakini kila nilipomtembelea nyumbani kwake, kijijini ng'ambo ya Isaka, nilikuta amesonga ugali wa watu wawili, hata siku nilizofika bila taarifa. Niliwahi kumuuliza jinsi alivyojua kwamba nakuja. Akasema hakujua. Nikaacha kuuliza.

Alikichagua kijiji kile kwa giza lake. Mwadui hakuna usiku, alisema, taa za mgodi zinawaka mpaka ndege wanachanganyikiwa. Kahama mji unakua. Isaka kuna bandari kavu, malori yanapakiwa hadi alfajiri, na mwanga wake hupanda angani kama moto wa nyasi. Alitembea na daftari lake akitafuta mahali ambapo taa za Isaka zingefichwa na mwinuko, akanunua kiwanja hapo, mbali kidogo na majirani. Watu huchagua kiwanja kwa maji au kwa barabara. Yeye alichagua kwa kile kisichokuwepo.

Safari yetu ya Mwanza naikumbuka kuliko harusi nyingi nilizolipwa kuzikumbuka. Kulikuwa na mfanyabiashara wa vifaa vya maabara za shule aliyekuwa na darubini mbili dukani. Ya kwanza ilikuwa ndefu, nyeupe, inang'aa, imeandikwa kwamba inakuza mara mamia. Mimi niliipenda papo hapo. Ya pili ilikuwa fupi na nyeusi, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole.

Mama Ramani aliielekeza ile ndefu nje, ng'ambo ya barabara, kwenye nguzo ya umeme. Akaigonga kwa kidole kimoja, taratibu, kama unavyogonga mlango wa mgonjwa. Kisha akaweka jicho akahesabu kwa sauti. "Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita." Akainuka.

"Bado inatetemeka," akasema. "Miguu yake ni ya kuku."

"Lakini mama, inakuza sana!" mwenye duka akasema.

"Ndiyo. Inakuza hata huko kutetemeka kwenyewe. Ukimpa mlevi bunduki nzuri, atapiga nini?"

Akaichukua ile fupi. Akatafuta juu ya ile nguzo kikombe cheupe cha udongo kinachoshika waya, mahali ambapo jua lilipiga likatoa nukta moja ya mwanga. Akaniita. "Hiyo ndiyo nyota yetu ya mchana. Angalia pembeni yake. Unaona rangi ya zambarau?"

Niliangalia. Nukta ilikuwa nyeupe, safi. Akanirudisha kwenye ile ndefu: nukta ileile ilikuwa imevaa duara la zambarau, kama jicho lililopigwa ngumi.

"Kioo cha bei rahisi hakiwezi kuzikusanya rangi zote mahali pamoja," akasema. "Kwa jicho utavumilia. Kwenye picha ya dakika tatu, kila nyota itakuwa na jeraha."

Mwenye duka akaona anapoteza. "Mama, hiyo ndogo ni ya watoto wa shule."

"Mtoto asiyetetemeka ni bora kuliko mtu mzima anayetetemeka."

Nikadhani sasa atanunua. Akaifunika kwa kifuniko chake, akaifuta kwa leso, akasema, "Nimeichagua. Niwekee. Nikipata shingo nitarudi." Mwenye duka alinitazama mimi kama vile ningemsaidia kuelewa. Tukaondoka mikono mitupu.

Shingo ndilo jina alilokipa kile kichwa cha chuma kinachokaa juu ya miguu mitatu, kikaibeba darubini na kuizungusha polepole kufuata mwendo wa anga. Kwake chombo kilikuwa na sehemu tatu: miguu, shingo na jicho, na kosa la watu wote, nikiwemo mimi, lilikuwa kuanza na jicho. "Jicho utabadilisha," alisema. "Shingo mbovu itaharibu kila jicho utakaloweka juu yake." Kwa hiyo mafao yake makubwa yalikwenda kwenye shingo. Ilichukua karibu mwaka kuipata, iliyotumika, kutoka kwa mtu aliyehama Dar es Salaam. Ilikuja kwa basi, nzito mpaka kondakta akauliza kama ni gia boksi ya Fuso.

Na ilipofika haikufaa.

Nilifika kwake siku hiyo nikamkuta amekaa chini uani, shingo mbele yake, daftari limefunguliwa. Akanieleza kwa utulivu, lakini niliona mkono wake unasugua goti. Mhimili wa kile chuma lazima uelekezwe mahali ambapo anga lote huzunguka. Kwa watu wa nchi za mbali mahali hapo pako juu, katikati ya anga, na mashine imetengenezwa kwa ajili yao. Kwetu sisi mahali hapo pako karibu na ardhi kabisa, nyuzi nne kasoro kidogo. Mashine ilikuwa inakataa kuinama kiasi hicho. Ilifika mahali ikagonga chuma chake yenyewe, basi.

"Wao wanaishi mabegani mwa dunia," akasema. "Sisi tuko kiunoni. Hawakutufikiria."

"Sasa utafanyaje? Utairudisha?"

"Nirudishe kwa nani? Nyanyuka, twende Isaka."

Isaka kulikuwa na fundi wa kuchomelea aliyezoea chesisi za malori. Mama Ramani akamwekea mezani mchoro wa kipande cha chuma chenye umbo la kabari, umechorwa kutoka mbele, kutoka upande na kutoka juu, kila kipimo kimeandikwa kwa zile herufi zake zilizosimama wima kama wanafunzi kwenye mstari.

"Hii ni ya mashine ya kusaga?" fundi akauliza.

"Hapana. Ni ya kutazama nyota."

Fundi akaugeuza mchoro. "Nyota zipi, mama?"

"Zilezile unazoziona wewe."

Alikata mara ya kwanza, akakosea kwa upana wa ukucha. Mama Ramani akaweka rula yake, akatikisa kichwa. Akakata ya pili. "Mama, hiki kitabeba lori!" akalalamika. "Lori halijali," akajibiwa. "Nyota inajali." Ya tatu ilikaa. Fundi mwenyewe akaifuta mafuta, akaipaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye kopo, na nadhani alikuwa na fahari kuliko sisi.

Kaskazini halisi aliipata mchana kweupe, kwa timazi na kivuli cha jua la saa sita, kama walivyofanya kazini kabla ya mitambo ya kisasa. Akachimbia vyuma viwili uani, akavimwagia saruji, ili miguu ya darubini ikae palepale kila siku. Kisha tukarudi Mwanza, na ile fupi nyeusi bado ilikuwapo. Hakuna mtoto wa shule aliyeitaka.

Kamera nilimpa mimi, yangu ya zamani yenye kioo kilichopasuka. Umeme ulikuwa betri ya gari. Tochi yake aliifunga kitambaa chekundu, kwa sababu mwanga mweupe hulipofusha jicho lililozoea giza. Nimekesha naye kule mara tano au sita. Haikuwa na msisimko wowote. Kamera ilifumbua jicho, dakika tatu zikapita, ikafumba, ikafumbua tena, picha arobaini, hamsini, za mahali palepale. Yeye alikaa kwenye kigoda mikono mapajani, akihesabu kwa midomo. Ng'ombe walikohoa zizini kwa majirani. Niliwahi kumuuliza anafikiria nini saa zote hizo. Akasema, "Sifikirii. Nasindikiza."

Picha alizileta kwangu studio, tukazipanga kwenye kompyuta moja juu ya nyingine mpaka zikawa moja. Hapo tuligombana kila mara. Mimi nimezoea maharusi. Nilitaka rangi ziwake. Yeye alikaa nyuma ya bega langu.

"Punguza."

"Mama, watu wanapenda ing'ae."

"Punguza, Mama Kulwa. Usimpake poda."

Picha aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Kilimia. Kila mkulima wa kwetu anazijua zile nyota sita zilizokaa pamoja kama vifaranga. Zikianza kuonekana jioni upande wa mashariki, watu hunoa majembe. Kwenye picha yake hazikuwa sita. Zilikuwa mamia, na zile kubwa zilikuwa zimefunikwa ukungu wa buluu, mwepesi kama moshi wa asubuhi juu ya paa. Alipoiona imekamilika alisimama, akaenda dirishani, akakaa huko muda mrefu akitazama barabara. Kisha akasema mama yake alikuwa akipanda mtama kwa nyota hizo na hakuwahi kujua kwamba zina ukungu. Niliichapa kubwa, nikaitundika ukutani studio. Niliiona ni fahari yetu sote wawili.

Msimu uliofuata mvua zilichelewa. Mzee mmoja alikuja kupiga picha ya kitambulisho. Akasimama mbele ya ukuta, akanisalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Hiki ni nini?"

"Kilimia, baba."

Akahesabu kwa kidole, akapotea, akaanza upya. "Kilimia ni sita. Mwenye macho makali ataona saba. Hawa wengine mmewatoa wapi?"

"Wapo siku zote, baba. Ni macho yetu tu hayafiki."

"Na huyu aliyepiga, yake yanafika?"

Nikamweleza kwa furaha aliyepiga ni nani na anaishi wapi. Nilimtaja mwenyewe, kwa mdomo wangu, na nikamwongezea na njia ya kufika. Mzee akasema anamjua, ni jirani yake. Akashukuru kwa heshima, "Wabeja," akaenda.

Sitaki kuwasema vibaya watu wa kijiji kile. Mahindi yao yalikuwa yamekauka yakiwa na urefu wa kidole. Walimwona mwanamke asiye na mtoto, anayeishi peke yake, anayekesha nje na taa nyekundu, mwenye vyuma vilivyochimbiwa uani na macho yaliyoiva kwa kukosa usingizi. Sasa wakasikia amekishika Kilimia akakitia kwenye karatasi, na kwamba kile kinachoonekana juu ni kivuli tu. Kanisani, ambako alikaa benchi la mwisho siku zote, benchi likabaki lake peke yake. Salamu zake zikaitikiwa nusu.

Kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji, alikwenda kwake jioni moja, na alikwenda kwa nia njema. Mama Ramani alifurahi. Akamwonyesha mwezi kwenye darubini, akidhani atakayeona ataelewa. Kamanda alitazama, akaruka nyuma, akautazama mwezi kwa macho yake, akaitazama darubini.

"Umeuvuta mpaka hapa?" akauliza.

"Sijauvuta. Uko palepale."

"Nimeyaona mashimo yake, mama. Umeuvuta." Akaondoka bila kuaga.

Wakaitisha mkutano wa kijiji Jumamosi. Alinipigia simu Alhamisi. Hakuwa mtu wa kupiga simu.

"Mama Kulwa, njoo Jumamosi uwaeleze picha inavyopigwa. Mimi nikieleza wanaogopa. Wewe una studio, umewapiga picha wao na watoto wao. Watakuamini."

Nikasema nina harusi.

Ni kweli nilikuwa nayo. Ilikuwa ya ndoa ya asubuhi, na saa sita nilishamaliza. Gari la Isaka lilikuwapo. Nilikaa studio nimefunga mlango kwa ndani. Niliogopa kuitwa mwenzake. Niliwaza wateja, niliwaza watoto wangu wakinyooshewa vidole shuleni. Kabla ya jioni niliishusha ile picha ukutani nikaigeuza nyuma ya kabati.

Yaliyotokea mkutanoni niliambiwa na mtendaji wa kijiji, baadaye. Mama Ramani alisimama peke yake akaeleza. Alisema ukweli wote: kwamba mwanga wa nyota ni mdogo, kwamba anaukinga polepole mpaka ujae. Mtu akapaza sauti, "Mmesikia? Anaukinga!" Kila alivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kuzama. Wakamtaka akikabidhi chombo kwenye ofisi ya kijiji mpaka mvua inyeshe. Akakataa, akasema kitapigwa vumbi. Usiku wa pili yake mawe yalinyesha juu ya bati lake, na jiko lake la nyasi likachomwa moto. Mtendaji alikwenda alfajiri akamshauri ahame, akamsaidia kubeba mizigo hadi barabarani. Mama Ramani akapanda lori lililokuwa linakwenda magharibi. Darubini aliipakata mapajani. Mvua ilinyesha kabla ya wiki kwisha, na nasikia wapo waliosema, mmeona?

Namba yake ya simu haikupatikana tena. Sikumtafuta kama inavyopaswa kumtafuta mtu. Niliuliza huku na huku, kwa sauti ya chini.

Ikapita miaka mitatu. Mwaka jana mchimbaji mdogo kutoka Rwamgasa alikuja kupiga picha ya pasipoti. Alipotoa kitambulisho mfukoni ikaanguka karatasi iliyokunjwa. Nikaiokota. Ilikuwa ramani ya mashimo, na juu yake namba zilizoandikwa kwa herufi zilizosimama wima. Nilizijua herufi zile.

"Kakuchorea nani hii?"

"Kuna bibi mmoja kule, wa vipimo. Anachora maduara yetu, haya mashimo ya dhahabu, ili tusitobokeane chini. Tangu aje, hatujatobokeana."

Nilisafiri wiki hiyohiyo. Rwamgasa ni mahali ambapo hakuna anayekuuliza umetoka wapi, kwa sababu kila mtu ametoka mahali. Karasha zilikuwa zinasaga mawe kwa kelele za kuziba masikio na vumbi jeupe limekaa juu ya kila kitu, juu ya sufuria, juu ya kope za watu. Maduara yamechimbwa karibu karibu, midomo yake imezungushiwa magogo, na kamba za winchi zinashuka ndani gizani. Nilimkuta amesimama kati ya mawili, amevaa buti za mpira, kitambaa chake kichwani bila mkunjo. Alikuwa amepungua. Mgongo ulikuwa umeanza kuinama.

"Shikamoo, mama."

Alinitazama kidogo. "Marahaba, Mama Kulwa. Hawajambo Kulwa na Doto?"

"Hawajambo."

"Vizuri. Shika hapa." Akanipa ncha ya tepu ya kupimia.

Nikashika. Akaivuta hadi mdomo wa duara la pili, akasoma, akaandika. Tukahamia jingine. Ilikuwa kazi ya karibu saa nzima, na hatukusema kitu ila namba. Wachimbaji walipita wakamsalimia, wakaniangalia mimi kwa udadisi, wakapita. Kwenye duara la nne nikashindwa kuvumilia.

"Mama, siku ile ya mkutano harusi ilikwisha saa sita."

"Najua," akasema bila kuinua macho kwenye daftari. "Niliuliza."

"Niliogopa."

"Ulikuwa na watoto."

"Hilo si jibu, mama."

"Si jibu," akakubali. "Vuta tepu, imelegea."

Nikaivuta. Machozi yalinitoka, lakini pale kila mtu macho yanamtoka machozi kwa vumbi, hakuna aliyejali. Nikamuuliza kama darubini ipo. Akasema ipo, chini ya kitanda, imefungwa mablanketi mawili. Hajaifungua tangu afike. Hapa kuna taa usiku kucha na vumbi hili litakula kioo.

"Wakwe zangu wako Ushirombo," nikasema. "Ni watu wa kanisa, wana shamba kubwa, kuna giza zuri. Nitakwenda na wewe. Nitakaa nao, nitawaeleza mimi mwenyewe, kabla hujaitoa hata kwenye blanketi."

Aliufikiria mwaliko ule. Niliona anaufikiria kweli. Alitazama upande wa kusini, juu ya mapaa ya mabati, kama anayekadiria umbali.

"Nimechoka kuelezwa, Mama Kulwa," akasema mwishowe. "Na nimechoka kueleza. Hapa wananiuliza mita ngapi, nawaambia, basi."

Kijana wa winchi akamwita, wanamhitaji duara la mbali. Gari langu lilikuwa linapiga honi barabarani, la mwisho kwa siku hiyo. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, ngumu, yenye vumbi, akanituma salamu kwa watoto, kila mmoja kwa jina lake. Nikasema nitarudi. Akasema, "Karibu," kama anavyosema mtu kwa mgeni yeyote.

Nilipata kiti cha dirishani. Gari lilichelewa kuondoka, nikawa namwona. Alifika kwenye duara la mbali, akakunjua tepu, akatazama kushoto na kulia, akitafuta wa kumshikia ncha. Vijana waliomwita walikuwa wameshashuka chini. Akainama, akaokota jiwe, akafunga ncha ya tepu juu yake mara mbili kwa uzi aliokuwa nao tayari mfukoni. Akaliweka ardhini, akalibonyeza kwa buti ili lisisogee. Kisha akaanza kutembea kinyumenyume, taratibu, akiifungua tepu, jicho lake kwenye jiwe.